Kilima Hakina Uwanja: Watoto Wadogo wa Bukavu na Michezo Yao

Kitendawili! Tega! Mkono wangu umekaa majini tangu babu hajazaliwa, na vidole vyake vitano havijakunjamana.

Mtoto wa miaka mitano akitegewa hiki, kwanza hutazama vidole vyake mwenyewe. Anajua vinavyokuwa baada ya kuchezea maji ya kufulia: ngozi hujikunja kama ya mzee. Sasa huo mkono ni wa nani? Mmoja atajibu ni bata, mwingine atajibu ni samaki, wa tatu atasema ni mvuvi, na wenzake watambishia kwamba mvuvi hurudi nyumbani kulala. Mtu mzima akiwapeleka mahali ambapo ziwa linaonekana, akawaonyesha rasi moja baada ya nyingine zilivyojinyoosha ndani ya maji, wakubwa wataanza kuhesabu kwa sauti. Zikifika tano, mmoja wao atapiga kelele. Mkono ni Bukavu yenyewe, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambao wenyeji wake wameulinganisha siku zote na kiganja kilichochovywa katika Ziwa Kivu.

Hapo zimepita dakika kumi, na hakuna faranga iliyotoka mfukoni. Mtoto amelinganisha vitu viwili visivyofanana, amehesabu, amekosea mbele ya wenzake bila kuadhibiwa, amejifunza sura ya mji wake, na yote hayo kwa lugha anayoiota usiku.

Wazazi wengi wa Bukavu wakiulizwa watoto wao wanakosa nini ili wacheze na kujifunza, hutaja vitu: mwanasesere, baiskeli ndogo, herufi za plastiki za rangi. Vitu hivyo vipo. Soko la Kadutu linaviuza, maduka ya Nyawera yanaviuza, na bei yake humfanya mama ageuze uso wa mtoto upande mwingine wanapopita. Ni hapo mjadala unapopotea njia. Mtoto wa mji huu mwenye miaka mitatu hadi minane hana upungufu mkubwa wa vitu vya kuchezea, kwa sababu anavitengeneza. Wala hapungukiwi na michezo, kwa kuwa ameirithi kutoka kwa yaya zake, kaka na dada waliomtangulia. Kinachozidi kumponyoka mwaka hadi mwaka ni mahali tambarare pa kuchezea, na mtu mzima anayeukubali mchezo kuwa kazi halali ya mtoto.

Tazama mpira unavyozaliwa. Mvulana wa miaka tisa anaokota masashe, ile mifuko ya plastiki iliyotupwa, anayakunja moja ndani ya jingine hadi yanakuwa bonge la ukubwa wa parachichi. Mdogo wake wa miaka minne kazi yake ni kushika tu. Anashika kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje kwa juhudi, huku mkubwa akizungusha kamba ya mgomba iliyokaushwa na kuchanwa vipande vyembamba. Mzunguko wa kwanza unapita kwa mapana, wa pili unaukata wa kwanza, wa tatu unafuata mapengo yaliyobaki. Fundo linatiwa mate na kuvutwa. Kisha mpira unaangushwa chini ili upimwe. Ukikimbilia upande mmoja, kuna mahali umelegea. Unafunguliwa na kukazwa upya. Yule mdogo hakutamka neno, lakini ameona kwamba uduara hutokana na kamba zinazopishana, kwamba kilicholegea hakidundi vizuri, na kwamba kazi isiyo sawa hurudiwa. Wiki ijayo atagombea kuzungusha kamba mwenyewe.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934, alilifanyia jambo hili nadharia nzima: kile mtoto anachokiweza leo kwa kusaidiwa na aliyemzidi, kesho atakiweza peke yake. Nyua za Bukavu zinaishi hivyo kila siku bila nadharia. Watoto wa miaka mitatu, sita na kumi hucheza pamoja, mkubwa akiwa mwalimu na mlinzi kwa wakati mmoja. Shule ndiyo inayowatenganisha kwa umri, na kwa kufanya hivyo inawanyang'anya wadogo walimu wao wa kwanza.

Baada ya mpira, mchezo unaostahili kutazamwa kwa makini ni ule wa soko. Karibu na kila nyumba yenye udongo mlangoni utakuta wasichana wawili watatu, na mara nyingi mvulana mmoja aliyekubaliwa kwa masharti, wamepanga mafungu ya mawe madogo. Hayo ni sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu ambavyo asili yake ni Ziwa Tanganyika na vililetwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Majani yaliyopondwa ni sombe, mboga ya majani ya muhogo. Udongo uliochujwa kwa kopo lililotobolewa ni unga. Mnunuzi anafika akiwa na majani mkononi, anamwita muuzaji mwenye miaka mitano "mama", anauliza bei, anadai apunguziwe, kisha anadai matabishi, ile nyongeza ambayo hakuna mama wa Bukavu anayeondoka sokoni bila kuipata. Na kwa kuwa mji unatumia faranga na dola pamoja, majani nayo yana daraja: jani pana la mparachichi ni dola, vijani vya ua ni faranga. Kuna hata kambisti, mvulana aliyekaa pembeni juu ya jiwe, anayevunja dola kwa watakao chenji.

Mtu akipita haraka ataona watoto wamechafuka. Akisimama atasikia kujumlisha, kutoa, kugawa mafungu sawa, kukadiria, kushawishi na kuvumilia kukataliwa. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti uliofanyika Recife, Brazili, juu ya watoto wanaouza vitu barabarani. Walipoulizwa hesabu kama wateja wanavyouliza, watoto hao walipata majibu sahihi kwa asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za darasani, zikiwa namba tupu, usahihi ulishuka hadi asilimia 37. Watoto wa Recife walikuwa wakubwa kidogo, miaka 9 hadi 15, na walikuwa wakiuza kweli, jambo ambalo si la kulitamania mtoto yeyote. Lakini linalowahusu wadogo wa Kadutu liko wazi: namba humwingia mtoto zikiwa zimebebwa na kitu anachokijali. Mwalimu wa darasa la kwanza anayelalamika kwamba watoto hawajui kutoa tano katika nane angefaa kwenda kuwatazama wanavyokataa kupunjwa sambaza wa mawe.

Mchezo mwingine wenye hesabu nyingi umezunguka eneo lote hili kwa majina tofauti. Ng'ambo ya Mto Ruzizi, Rwanda, unaitwa igisoro. Uganda ni omweso. Zanzibar na pwani yote ni bao. Ubao wa wakubwa una mistari minne ya mashimo manane na kete 64, na mabingwa wake huweza kukokotoa hatua nyingi mbele. Mtoto mdogo hahitaji yote hayo. Anahitaji mashimo sita upande wake na sita upande wa mwenzake, yaliyochimbwa kwa kidole kwenye udongo, na kiganja cha maharage. Sheria ya kwanza pekee inamtosha kwa miezi: chota maharage ya shimo moja, yapande moja moja katika mashimo yanayofuata. Walimu wa watoto wadogo popote duniani huhangaika kumfundisha mtoto asiruke kitu anapohesabu, kwamba kila kitu kina neno lake moja na kila neno lina kitu chake kimoja. Mashimo yanamfundisha hivyo kwa mkono. Ukiruka shimo, mwenzako atakupigia kelele kabla mwalimu hajainua kichwa.

Kisha kuna nzango, mchezo wa wasichana unaochezwa pande zote mbili za Mto Kongo. Wasichana wawili hukabiliana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na mdundo ukikamilika kila mmoja anatupa mguu mbele. Miguu ikioanishwa kwa namna fulani pointi ni ya huyu, ikipishana ni ya yule. Ndani yake mna mdundo, kasi, kumsoma mwenzako, na kuamua kushoto na kulia kwa kufumba na kufumbua. Kongo-Brazzaville iliupandisha hadi ukawa mchezo wenye kanuni zilizoandikwa na timu rasmi, na ukaonekana katika Michezo ya Afrika ya mwaka 2015 jijini Brazzaville. Mchezo ambao akina mama waliambiwa ni wa kupotezea muda ulisimama mbele ya majukwaa ya uwanja.

Jambo la wasichana lisipitwe hivi hivi. Msichana wa miaka saba Bukavu huenda kisimani na kidumu, hubeba mdogo wake mgongoni, huosha vyombo. Huruka nzango mtoto akiwa amefungwa kwa kitenge, kichwa kikitikisika kwa mdundo. Inapendeza kuangalia, na huenda huyo mtoto anafurahia kuliko wote. Lakini dada yake hucheza nusu mchezo, akisubiri kuitwa. Saa za kucheza hazigawiwi sawa nyumbani, na mzazi anayetaka kuanza mahali fulani angeanzia hapo: nusu saa ya binti asiyeitwa na mtu.

Siku za mvua, ambazo kati ya Septemba na Mei ni nyingi, kazi inahamia ndani: hadithi, vitendawili, kuigiza sauti za wanyama na za majirani, vifuniko vya chupa za bia ya Primus kupangwa kwa rangi au kuwa kete za dama juu ya kipande cha katoni. Huko hakuna tatizo la uwanja. Tatizo linaanza mvua inapokatika na watoto wanane wanatoka nje kwa pamoja.

Watoke waende wapi? Bukavu imekaa kwenye miteremko, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa Wabelgiji, ulipoitwa Costermansville, rasi na ufuko vilikuwa vya Wazungu, wenye bustani na njia pana. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa Kadutu, na baadaye Bagira, ambako miaka ya 1950 Shirika la Makazi ya Waafrika lilijenga nyumba kwa mpango, kwa mistari na nafasi kati yake. Hadi leo mtoto wa sehemu zilizopangwa za Bagira anaweza kukuta barabara ya kartie, yaani ya mtaa, iliyo tambarare kiasi cha kuchora vyumba vya kuruka kwa mguu mmoja. Mwenzake wa Cimpunda, Nyamugo au Panzi mara nyingi hana. Vita vya vijijini tangu miaka ya 1990 vimesukuma familia nyingi mjini, mji umepita watu milioni moja, na nyumba zimepandiana hadi kwenye kingo za korongo. Paa la jirani wa chini liko sawa na mlango wa jirani wa juu. Ardhi iliyobaki wazi, hata iliyokuwa ya umma, imegawiwa na kujengwa, na wenyeji wamelilalamikia hilo kwa miaka.

Kwa hiyo mpira wa masashe ukipigwa kwa nguvu hauishii golini. Unashuka ngazi, unavuka mfereji, unaingia barabarani. Mama anayewakataza watoto kucheza mpira hachukii mpira. Anaogopa pikipiki inayoteremka injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta, anaogopa mmomonyoko ambao kila msimu wa mvua hubomoa nyumba Kadutu, anaogopa ziwa. Hofu zote tatu ni za kweli. Tatizo ni kwamba zikijumlishwa zinamwachia mtoto mlango na kizingiti chake.

Viwanja vikubwa vipo, ila ni vya wakubwa. Stade de la Concorde pale Kadutu ni wa klabu za mpira za Muungano na Bukavu Dawa, na mashabiki wao. Chuo cha Alfajiri cha Majesuti kina nafasi ambayo kartie nzima ingeitamani. Shule nyingi kongwe, parokia na misikiti zina nyua zenye ukuta na geti. Jumamosi alasiri, muda ambao mtoto wa miaka mitano yuko huru kuliko wakati wowote, mageti mengi ya aina hiyo yamefungwa, na nyasi ndani yake zinapumzika.

Shule ya chekechea, ambayo Bukavu huitwa maternele, ingepaswa kuwa ndiyo jibu. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 inaitambua kuwa ngazi ya kwanza ya elimu. Hata hivyo elimu bila malipo iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 ilianzia shule za msingi za serikali, na maternele ikabaki ya mwenye kulipa. Wengi hawaipati kabisa. Na wanaoipata mara nyingi hukutana na jambo linalosikitisha zaidi: darasa la miaka minne lililokaa kimya likinakili herufi. Madawati yanatazama mbele. Daftari lina mistari ya "a" na mistari ya "i". Nyimbo ni za Kifaransa, na majina ya rangi ni ya Kifaransa, kwa watoto ambao nyumbani husikia Kiswahili na Mashi.

Si haki kumlaumu mwalimu peke yake. Mzazi anayelipa kwa shida hukagua daftari jioni, na ukurasa mtupu humwambia kwamba pesa yake imeliwa. Mwalimu anajua hivyo, kwa hiyo anajaza ukurasa. Mashimo ya maharage hayawezi kupelekwa nyumbani kwenye begi. Kifaransa nacho kina sababu yake: ndicho lugha ya mitihani na ya kazi za ofisini, na mzazi ana haki ya kumtakia mwanawe. Ila Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya 2006, na mtoto aliyezoea kusimulia, kubishana na kutega vitendawili kwa lugha yake anakwenda kwenye Kifaransa akiwa na kitu cha kusema. Yule aliyefundishwa kunyamaza kwa lugha mbili hana cha kupeleka.

Juu ya jinsi ya kumshawishi mzazi anayekagua daftari, pwani ya Kenya ina somo la zaidi ya miaka thelathini. Mapema miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, awasaidie kuinua elimu ya watoto wao, waliokuwa wakibaki nyuma shuleni. Badala ya kujenga shule mpya za kifahari, mpango ulianzia pale jamii ilipokuwa tayari na imani napo, madrasa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, akawa mstari wa mbele kuwafundisha wanawake wa mitaa kuwa walimu wa watoto wadogo. Vyumba viligawanywa kona kona: ya kujenga, ya nyumbani, ya vitabu, ya duka. Vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vifuniko vya chupa na vipande vya kanga vikawa vifaa. Kurani haikuondolewa, na Kiswahili ndicho kilichozungumzwa. Mpango ukavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Waasisi wa Mombasa waliona mambo mawili ambayo Bukavu ingefaa kuyaiga bila kubadilisha sana. Waliuweka mchezo mahali palipokuwa tayari na heshima, na wakawaita wazazi waje watengeneze vifaa kwa mikono yao. Mama aliyetoboa vifuniko na kuvitunga kwenye uzi, akakaa nusu asubuhi akimwona mwanawe akivipanga kwa rangi na kwa idadi, haulizi tena daftari liko wapi. Bukavu ni mji wa parokia, makanisa ya kila kona, misikiti na shule za mashirika ya dini. Mahali penye heshima hapakosekani. Vifuu vya nazi havipo, lakini kuna magunzi ya mahindi, mbegu za parachichi, kokoto za ziwani, maganda ya migomba, makopo ya maziwa, ndala zilizokatika ambazo watoto huzikata magurudumu ya magari ya waya.

Na ushahidi kwamba mchezo wa namna hii humfikisha mtoto mbali haukosi. Kingston, Jamaika, kati ya 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii mara moja kwa wiki kwa miaka miwili. Hakuwa na kitu cha ajabu mkononi: vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, chupa na mabaki ya nyumbani, na saa moja ya kumwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto. Matokeo ya miaka ishirini baadaye, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba waliotembelewa hivyo walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao wasiotembelewa. Waliopewa nyongeza ya lishe peke yake hawakuonyesha faida hiyo ya kipato. Kwa Kivu Kusini, mkoa wa Bukavu, ambako udumavu umewagusa watoto wengi mno, habari hiyo haimaanishi uji uachwe. Inamaanisha kwamba mtoto anayepimwa uzito kliniki na kurudishwa nyumbani amepewa nusu ya dawa, na nusu ya pili inaweza kutengenezwa kwa kopo na kokoto.

Ila si kila kinachookotwa ni cha kuchezea, na Bukavu inalijua hili kwa uchungu. Februari 2025, wanajeshi wa serikali walipoondoka na waasi wa M23 kuingia mjini, silaha zilitelekezwa barabarani na kambini, na baadhi zikaishia mikononi mwa watoto. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliripoti siku zile kwamba kulikuwa na watoto waliouawa na waasi baada ya kukataa kuweka silaha chini. Mtoto wa miaka sita hajui tofauti kati ya chuma cha kutengenezea gari na chuma cha kuua mpaka afundishwe, na kufundishwa kwa kuogofya pekee hakudumu. Mchezo ndio unaomkaa: picha zilizochorwa kwenye vikatoni, hiki unashika, hiki hushiki, ukikiona hiki unarudi nyuma kwa njia uliyojia na kumwita mtu mzima. Wakichezeshwa mara ishirini, mara ya ishirini na moja miguu inarudi nyuma yenyewe.

Hao hao waliosikia milio ya risasi watacheza vita. Watakata fimbo, watajificha nyuma ya mfereji, mmoja atakufa na kufufuka mara tano. Wazazi wengine hushtuka na kuwapiga. Walio na uzoefu na watoto wa vita hushauri kuwatazama kwanza: mtoto anayebadilisha mwisho wa mchezo, leo akimbie, kesho aokoe, anajitibu. Yule anayerudia tukio moja lilelile bila kubadilisha kitu, bila kucheka, ndiye wa kukaa naye karibu. Ndiyo maana maeneo ya kuchezea katika kambi za wakimbizi huhesabiwa pamoja na maji na dawa, na ndiyo maana Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi hii, wakati huo Zaire, iliuridhia mwaka 1990, unaitaja haki ya kucheza katika kifungu cha 31. Tarehe 11 Juni 2024 ulimwengu uliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kimataifa ya michezo ya watoto.

Skrini nayo imeingia nyumbani, na kuipiga marufuku ni kujidanganya. Kuna kizuri ndani yake: shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitoa tangu 2014 katuni za Kiswahili zinazofundisha hesabu na sayansi, na baadaye likamleta Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa ajili ya wadogo kabisa. Mtoto wa Bukavu anaielewa lugha yake, ingawa huenda akamwuliza mama mbona Akili anaongea kama mwalimu. Simu hiyohiyo ikiachwa mikononi mwake bila mtu inamlisha chochote. Dakika kumi na tano za katuni, kisha kuizima na kucheza alichokiona kwa kokoto za kweli, ni matumizi yenye faida. Umeme wa Bukavu, unaokatika unavyotaka, humsaidia mzazi katika hilo zaidi ya sheria yoyote.

Linabaki suala la ardhi, na hapo ndipo mazungumzo ya jumla yanapaswa kushuka hadi kwenye vipimo. Mtoto wa miaka mitano hahitaji uwanja wa Muungano. Hatua kumi kwa sita za mtu mzima zinamtosha: upande mmoja vyumba vya kuruka, upande mwingine mashimo ya maharage, katikati nafasi ya wasichana wanne wa nzango, pembeni jiwe la kambisti na meza ya sambaza. Bukavu ina desturi ya salongo, kazi ya pamoja ya kufagia na kuzibua mifereji. Nguvu hiyo hiyo inaweza kukata ngazi moja pana kwenye mteremko usiojengeka, ikaizuia kwa magunia ya mchanga na matairi chakavu upande wa bonde, ikapanda nyasi za mizizi mirefu kwenye ukingo, na kuchimba mfereji nyuma yake ili maji ya mvua yapite pembeni. Mahali pa kukata pachaguliwe na fundi anayeujua udongo wa kartie, kwa sababu ngazi iliyokatwa vibaya huondoka na nyumba ya chini. Ukuta upande wa barabara uwe na urefu unaomzidi mtoto kiunoni, mpira uugonge na kurudi.

Halafu geti la parokia. Jumamosi saa tisa hadi saa kumi na moja, mama wawili wa zamu wakiwa wamekaa kivulini na kazi zao za kusuka, mmoja akiwa amebeba gunia lenye magunzi, vifuniko, kamba za mgomba na maharage ya mwaka jana yasiyolika. Watoto wataingia mbio, watasimama kidogo kushangazwa na ardhi isiyoteremka, na mmoja wao atauweka mpira wa masashe chini polepole, kwa mikono miwili, kuona kama utabaki pale alipouweka.